Ua la Mutitu Laenda Kuposa

Tangu niliporudi nyumbani, marafiki wamekuwa wakinisimamisha sokoni na mlangoni mwa kanisa wakitaka niwaeleze ilikuwaje hata mimi, mtu wa kukaa na vitabu, nikaizunguka nusu ya Ukambani nikiwa nimepakata ndoo yenye kichaka. Kila mmoja nimempa kipande cha habari, na vipande hivyo sasa vimeanza kupingana. Nimeona afadhali niandike yote kwa utaratibu, hatua kwa hatua, ili anayetaka kunisahihisha awe na mahali pa kushika.

Kioko, mwana wa kaka yangu Musyimi, alikuwa amempata mchumba, Mwende, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwao ni mlimani juu ya soko la Mukuyuni huko Makueni. Wazee walikuwa wamezungumza, na ilibaki siku ya ntheo tu, yaani kupeleka wale mbuzi watatu ambao bila wao, kwa Wakamba, mke hajawa mke. Ndipo nyanyake Mwende, ambaye watu wote humwita Susu, akaleta sharti lake. Yeye alizaliwa kwetu, katika milima ya Mutitu, akaolewa Makueni akiwa msichana na hakurudi tena. Aliposikia kwamba mposaji ni wa Mutitu, alisema hivi, na maneno yalitufikia bila kupunguzwa:

"Siku hizi kila mtu anasema ametoka mahali. Hao waniletee lile ua la njia ya kisimani, likiwa hai, likiwa limechanua. Nikiliona nitajua ni watu wa kwetu. Nisipoliona, mbuzi wao warudi nao."

Nilijua papo hapo ni ua gani. Ni kichaka kifupi, hakipiti goti, chenye shina gumu kama la mti pale chini na vijiti vyororo juu. Majani ya chini ni mazima. Ya juu yamechanika kama meno ya kitana. Ua lake, likitazamwa kwa mbali, ni moja. Likitazamwa kwa karibu, ni mkusanyiko wa maua madogo mengi ya zambarau iliyopauka, yamebanwa juu ya bua refu, yale ya pembeni makubwa kuliko ya katikati. Wataalamu wanaliita skabiosa, na katika miaka ya karibuni wameliingiza katika familia ya honisakali, ule mmea utambaao wenye harufu tamu ambao wenye bustani mijini hupenda kuupandisha ukutani. Vitabu nilivyo navyo havitaji kwamba linaota katika milima yetu. Sidai kuvisahihisha, nasema tu kwamba lipo, na kwamba mimi, niliyefundisha elimu ya mimea maisha yangu yote ya kazi, ndiye niliyetumwa kulichimba.

Mutitu hadi Kitui mjini

Kuhamisha mmea ulio katikati ya kuchanua ni kosa, na nilimwambia Kioko hivyo. Alinijibu kwamba Susu hakuacha nafasi ya kungoja mbegu. Basi nilichimba kwa upana, nikainua mzizi pamoja na udongo wake, nikauzungushia gunia bichi na kuuketisha katika ndoo iliyotobolewa chini. Kulikuwa na maua saba yaliyofunguka vizuri. Mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja, walipakiwa nyuma ya pikapu. Mimi na ndoo tukakaa mbele. Kioko alitaka ndoo ikae nyuma ili nipate kunyoosha miguu. Nilimkumbusha ni nani wengine waliokuwa huko nyuma na wanapenda kula nini.

Hatukufika mbali. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku, na mto wa mchanga, ambao kwa miezi mingi ni njia ya punda, ulikuwa umejaa maji mekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna la kufanya na mto wa namna hiyo ila kuketi. Tukaketi pamoja na wengine waliotangulia, tukanunua maembe, na nikaiweka ndoo kivulini. Mama mmoja aliyekalia gunia la ndengu aliitazama muda mrefu.

"Mzee, hiyo ni dawa ya nini?"

"Si dawa, mama. Ni ua."

"Unapeleka kwa mgonjwa?"

"Hapana. Napeleka kwa nyanya mmoja Makueni, ni mzima kabisa."

"Basi ni ya kukinga."

"Hawezi kukuambia," akasema mwanamume mmoja aliyevua viatu akiwa tayari kuvuka. "Hawa watu wa dawa hawasemangi. Mimi niko na presha, mzee. Nipe tu jani moja."

Niliona ni wajibu wangu kumweleza. Nilimweleza habari za ua lililoundwa kwa maua mengi, za kikombe kidogo kinachobaki juu ya kila mbegu na kuibeba kwenye upepo, na sababu za wataalamu kuuhamishia mmea huu katika familia ya honisakali. Alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima kubwa.

"Sawa," akasema. "Na inachemshwa ama inatafunwa?"

Kioko alikwenda kusimama nyuma ya gari ili acheke. Maji yalipopungua, vijana waliingia kwanza kupima kina, wakatuonyesha mahali penye mawe, nasi tukavuka huku mama wa ndengu akiomba kwa sauti kwa ajili yetu, na, nilivyosikia, kwa ajili ya mgonjwa wetu pia.

Kitui hadi Ikutha

Mjini Kitui tuliingia hotelini kupata chai na chapati. Mhudumu, msichana mwenye ulimi mwepesi, alisimama mlangoni.

"Mizigo inakaa nje, baba."

"Huyu si mzigo," Kioko akamwambia. "Huyu ndiye mwenye safari. Sisi tunamsindikiza tu."

Msichana alitazama ndoo, akamtazama Kioko, akavuta kiti cha tatu. Aliweka ndoo juu yake, akaiwekea gilasi ya maji, akauliza naye atakula chapati ngapi. Kioko alipomweleza mambo ya Susu, msichana aliita mwenzake kutoka jikoni aje asikie. "Mimi wakija kwetu," akasema, "nyanyangu ataitisha ngamia, hawatatoka Garissa wakiwa hai." Maji yale ya gilasi niliupa mmea yote.

Tulipofika mji wa Mutomo, beberu aliingiza kichwa katikati ya vyuma vya pikapu akashindwa kukitoa. Fundi wa kuchomelea alikuja na msumeno wake, mwenye duka akaja na wazo la kumpaka sabuni, na mpitanjia mmoja akashauri tumwonyeshe chakula upande wa pili. Kioko alinigeukia.

"Baba mdogo, jani moja tu."

"Hata moja."

Sabuni ndiyo iliyofaulu. Beberu alisafiri kutoka hapo akinukia kama nguo za Jumapili, na tulipoteza sehemu nzuri ya mchana.

Ikutha hadi Kambu

Baada ya Ikutha nchi inateremka na joto linapanda. Mmea wa milimani haukuumbwa kwa joto hilo. Kabla hatujafika daraja la mto Athi, maua yalikuwa yameinama kama watu wanaoombewa, na gunia lilikuwa limekauka. Tulikuwa na chupa moja ya maji ya kunywa. Kioko alisimamisha gari, akaishika chupa ile kwa muda.

"Yote?" akauliza.

"Mizizi haijui nusu," nikamwambia.

Aliimimina yote yeye mwenyewe, polepole, akizungusha mkono ili udongo ulowe pande zote. Kuanzia hapo hadi Kibwezi hakusema neno. Nilidhani ni kiu, lakini tulipoona taa za kwanza za barabara kuu alisema, "Ujue baba mdogo, Mwende ameniambia Susu hajawahi kubadilisha neno. Mjomba wake alikataliwa mchumba kwa sababu ya kuchelewa chai." Nilimwambia atazame malori. Maua yalikuwa yameanza kuinuka.

Kambu haikuwa njiani. Iko upande wa Mombasa, na Mukuyuni iko upande wa pili. Lakini Musyimi na mkewe Kalekye wamehamia huko kwa biashara, wana duka kando ya barabara, na huwezi kwenda kuposa ukamwacha baba wa mposaji. Tulifika giza likiingia. Kalekye alipokea ndoo kutoka mikononi mwangu kabla hata hajanisalimia.

"Shemeji! Maua mazuri hivi! Umefikiria kweli."

Nilidhani ananishukuru kwa ajili ya mwanawe. Tulikula kuku na wali wa nazi, ambao Kalekye amejifunza kwa majirani wa Pwani, nikalala nikiwa na moyo mweupe.

Jumapili ya Kambu

Ntheo ilikuwa imepangwa iwe Jumatatu, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na Mwende alikuwa kwao. Jumapili, basi, ilikuwa ya kanisa. Kalekye alitangulia alfajiri. Sisi wanaume tulifuata wimbo wa kwanza ukiwa umeanza, tukapewa viti vya mbele kwa heshima ya ugeni wangu. Nilipoinua macho kutoka kwenye kitabu cha nyimbo, niliona juu ya mimbari, ndani ya jagi la glasi lililofungwa utepe, maua saba ya zambarau iliyopauka.

Nilimgusa Kioko kwa kiwiko. Aliangalia. Uso wake ulifanya jambo ambalo sijawahi kuliona uso ukifanya.

Mchungaji alisimama. "Kabla ya neno," akasema, "tumshukuru Bwana kwa ajili ya mgeni wetu, ndugu ya mzee Musyimi, aliyetoka Kitui mbali sana akituletea maua ya mlimani kwa ajili ya nyumba ya Mungu. Mzee, simama watu wakuone."

Nilisimama. Kanisa lote likapiga makofi. Kalekye, aliyeketi na akina mama wenzake, alinipungia mkono kwa furaha isiyo na kivuli.

Ibada ilipokwisha tulimzunguka nje. Ikabainika kwamba Jumapili ile ilikuwa zamu yake ya maua, kwamba alikuwa ameomba wiki nzima Mungu amwonyeshe atayapata wapi katika ukame wa Kambu, na kwamba Jumamosi jioni mlango ulifunguka nikaingia nayo.

"Lakini mama," Kioko akasema, "si hayo ndiyo Susu ameitisha?"

"Baba yako aliniambia kichaka. 'Mbuzi na kichaka.' Kichaka kiko nyumbani ndani ya ndoo, sijakigusa. Nimekata maua tu."

Sote tukamgeukia Musyimi.

"Nilifupisha," akasema kaka yangu.

Nilifikiria kumwendea mchungaji. Lakini kule kanisani maua ya mimbari hupelekwa baada ya ibada kwa mshirika aliye mgonjwa, na wakati sisi tunaulizana, yalikuwa yamekwisha kuondoka kwa bodaboda kwenda kwa mama mmoja mzee aliyevunjika mguu. Kalekye alijifunika uso kwa leso. Kisha akaufunua, akasema, "Nitakwenda nimwambie Susu mwenyewe. Mimi ndiye nilikata."

Nyumbani nilikagua kichaka jani kwa jani. Chini kabisa, kati ya majani mazima, kulikuwa na chipukizi moja la ua ambalo mkasi haukuliona, bapa na la kijani, kubwa kama kifungo cha shati.

Kambu hadi Mukuyuni

Tuliondoka Jumatatu mapema, Kalekye na Musyimi wakiwa katika gari la jirani, sisi katika pikapu. Sikumbuki mengi ya barabara kuu isipokuwa malori. Pale Emali tuliiacha na kushika njia ya Wote, na hapo Musyimi alitusimamisha, akaja dirishani kwangu akiwa na sura ya mtu aliyepata suluhisho.

"Ndugu yangu, Wote kuna mama anauza maua ya plastiki. Yako ya rangi hii hii. Tukifunga mawili matatu na uzi wa kijani, huyo nyanya macho yake ni ya zamani…"

"Musyimi!" Kalekye aliita kutoka gari la nyuma, ingawa sijui alisikiaje. "Umefupisha mara moja. Inatosha."

Tulipanda. Baada ya Wote hewa inakuwa na ubaridi, milima inakaribiana, na kila mteremko umekatwa matuta yaliyopandwa mahindi na mbaazi. Niliteremsha kioo cha dirisha ili mmea upate hewa hiyo. Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba majani yake yalisimama.

Langoni

Katika ukoo ule, mbuzi wa wageni hufungwa nje ya lango. Hawaingii katika zizi hadi wakubaliwe, na asiyekubaliwa huwakuta palepale alipowaacha, tayari kwa safari. Tukawafunga. Akina mama wa nyumba ile walifunga lango wakaimba wakitaka kujua sisi ni nani na tumepotea njia gani, na Kalekye akawajibu kwa wimbo vizuri hata wakafungua kabla ya ubeti kuisha.

Susu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya jiko lake. Ni mwembamba, amenyooka, na ana macho makali; ya zamani labda, lakini si ya plastiki. Musyimi akaanza hotuba aliyoiandaa, akitaja ukoo wetu na mito tuliyovuka.

"Ua liko wapi?" Susu akauliza.

"Susu, kama nilivyokuwa nasema, sisi watu wa Mutitu…"

"Nimeuliza ua."

Niliweka ndoo miguuni pake. Kalekye akapiga magoti kando yake, akamweleza yote: zamu, maombi, mimbari, jagi, mama aliyevunjika mguu. Hakuacha kitu, wala hakumtaja mumewe, jambo ambalo nililihesabu kuwa tendo kubwa la ndoa.

"Kwa hivyo ua langu liko kanisani Kambu," Susu akasema.

"Lilikuwa kanisani. Sasa liko kwa mgonjwa."

"Amepona?"

"Bado, Susu. Ni mguu."

Watoto wakubwa wa nyumba ile waliinamisha vichwa ili wasicheke. Mwende, aliyesimama mlangoni mwa jiko kwa kuwa hakuruhusiwa kutukaribia kabla mbuzi hawajakubaliwa, alimwambia Kioko kutoka huko, "Nilikuambia ulete ua, wewe ukapeleka sadaka."

Susu aliinama, akashika jani, akalipitisha kati ya vidole. Kisha akaona kile kifungo cha kijani.

"Hii itafunguka lini?"

"Siwezi kuapa," nikasema. "Mmea umesumbuliwa sana. Ukipata kivuli, maji na bahati, ni suala la siku chache. Lakini mmea unaweza pia kuliangusha ua kabla halijafunguka."

"Basi mtangoja."

"Sisi?" Musyimi akauliza.

"Ama mlikuwa mnataka kuchukua msichana na kukimbia? Mwende, ongezeni maji kwa muthokoi. Wageni wanalala."

Kungoja

Hivyo ndivyo ujumbe wa kuposa ulivyogeuka kuwa ujumbe wa kungoja. Tulilishwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na mbaazi, asubuhi kwa chai na jioni kwa mboga, na sijawahi kula mazuri kuliko yale. Kulipokucha tulikabidhiwa majembe. Ilikuwa zamu ya shamba la nyumba ile katika mwethya, chama cha majirani wanaolimiana kwa zamu, na katika mwethya mgeni hana cheo. Tulipalilia. Kaka yangu, ambaye kwa miaka mingi hajainua kitu kizito kuliko katoni ya sabuni, alipata malengelenge, akawa anayaonyesha kwa watu kama medali. Akina mama walimpa jina, Bwana Kifupi, kwa maana Kalekye alikuwa ameshindwa kuificha habari ile zaidi ya usiku mmoja.

Habari ya ua ilisambaa. Majirani waliokuja kulima walipitia kwanza kwenye ndoo, iliyowekwa chini ya kichaka cha kahawa kivulini. "Leo iko aje?" waliulizana, kama wanaouliza habari ya mzazi aliye hospitalini. Mmoja alisema limevimba. Mwingine akasema jana lilikuwa kubwa zaidi. Kuku aliyeikaribia ndoo alifukuzwa na watu wazima watatu.

Kioko hakula vizuri. Alikuwa akipalilia mistari miwili kisha anakuja kutazama. Siku iliyofuata, adhuhuri, alinikuta nimechuchumaa pale, akaona nilichokuwa nakiona. Bua lilikuwa limelegea, na kifungo kilikuwa kimeinama kutazama udongo.

"Niambie ukweli, baba mdogo."

"Mizizi bado haijashika. Mmea ukikosa maji ya kutosha, huachilia ua kwanza ili uokoe majani. Ndivyo ulivyo."

"Na ukiachilia?"

Mwende alikuwa amesimama mbali kidogo na karai la maji ya kunywa ya wapalizi. Alilitua, akachota kikombe, akakiweka chini kwenye nyasi kati yake na sisi, kwa sababu hakuruhusiwa kuja zaidi. Kioko alikwenda akakichukua. Hakukinywa. Alinyunyizia majani, tone kwa tone, na Mwende akasimama akitazama hadi alipoitwa kwa ukali kutoka shambani.

Alasiri ile mawingu yalijikusanya juu ya mlima kwa haraka. Wapalizi walibeba majembe wakakimbilia nyumbani kwa Susu, na sote tukajibana chini ya mabati ya jiko. Niliichukua ndoo nikaipakata. Matone ya kwanza, makubwa, yalipiga bati. Nje ya lango mbuzi walianza kulia, na beberu wetu, aliyekwisha kuoshwa mara moja katika safari ile, alilia kuliko wote.

Susu aliinuka kitini.

"Mwende! Hebu ingizeni mbuzi zangu, zitanyeshewa!"

Babake Mwende, mtu mpole ambaye hadi wakati huo nilikuwa sijamsikia akisema zaidi ya salamu, aligeuka polepole.

"Mama, umesema mbuzi za nani?"

"Zangu. Kuna mtu mwingine hapa ako na mbuzi langoni?"

Akina mama walipiga vigelegele hata sikuweza kuisikia mvua. Mimi, kwa mazoea mabaya ya kutaka kila jambo lifuate mpangilio wake, nilisema, "Lakini Susu, ua bado halijafunguka," na Kalekye akanifinya mkono kwa nguvu ambazo sikumdhania.

"Litafunguka ama halitafunguka," Susu akasema, akiketi tena. "Watu wamelala kwangu, wamelima, wamekula, na mama yao amesema ukweli hata ule wa kumwaibisha. Wa kwetu ndio wako hivyo. Hili ua sasa nalingoja mimi mwenyewe. Nimelingoja tangu niolewe."

Mwende alikuwa amekwisha kutoka mbio kwenye mvua kuelekea langoni, na Kioko nyuma yake, na kwa mara ya kwanza tangu tufike hakuna aliyewaambia wasikaribiane.

Simu

Tuliondoka asubuhi yake, Susu akiwa amekwisha kuamuru shimo lichimbwe kando ya mlango wa jiko. Nilipima kina chake, nikaonyesha jinsi ya kulaza mizizi, nikarudi Mutitu kwa njia fupi.

Nilikuwa nimekaa nyumbani muda kidogo, simu ikalia. Ilikuwa namba ya Mwende, lakini sauti haikuwa yake.

"Wewe mwalimu, limefunguka."

Nilimuuliza rangi yake. Akasema ni yenyewe. Nilimuuliza kama nyuki wamelipata. Akasema wamekuja kabla ya majirani. Nikasikia kuku wake kwa nyuma.

"Lakini ni dogo, mwanangu. Mimi nilikuwa naliona kubwa, linanifika hapa kifuani nikienda kisimani."

"Halikui zaidi ya hapo, Susu. Hata kwetu liko hivyo."

"Basi mimi ndiye nilikuwa mdogo," akasema, akacheka, na kicheko chake kwenye simu kilikuwa cha msichana.

Aliniuliza mbegu zake huvunwa lini, kwa sababu Kalekye ameshaomba za kupanda Kambu. Nilimweleza: angoje vichwa vikauke vigeuke vitufe vyepesi vya rangi ya nyasi, avivune asubuhi kabla ya upepo, avihifadhi kwenye karatasi. Kuhusu joto la Kambu, nilinyamaza.